Anayetaka Amuulize Mama Yake

Kisima Namba Tisa
Jumatano, 14 Agosti 2019

Kwako Mama Mkubwa Marjorie,

Pokea salamu zangu, na za Mama, na za Bibi Dulcie, na za mbwa wako Tinka ambaye siku hizi analala kwenye kiti chako pale barazani na hakuna anayethubutu kumtoa. Sisi hatujambo. Mkono wa Mama umeshapona. Wewe je, ile mashine ya kusafisha damu inakutendeaje? Sindano ya mkono wa kushoto bado inauma? Huku baridi inaanza kuondoka. Asubuhi bado tunakoka moto, lakini mchana watoto wameshavua viatu.

Nimeona niandike, maana simu ya nyumbani kwetu ukiishika, watu sita wanakaa kimya wakusikilize. Barua hii nampa dereva wa zahanati, anakuja huko leo kuchukua dawa.

Mama, kuna jambo lilitokea Ijumaa. Najua umeshalisikia, habari za hapa hufika mjini kabla ya gari. Ila nataka ulisome na kwangu.

Ilikuwa ile Ijumaa ya familia kuja shuleni. Mwalimu Fiona aliweka skrini kubwa ukumbini, akaingia kwenye Nyumba ya Picha, ile hifadhi yetu ya kwenye kompyuta, kwa nafasi ya Shule, akabonyeza zioneshwe zote, moja baada ya nyingine, kama tunavyofanya siku zote. Zikaja zile za akina mama wakichimba viazi vya porini. Ikaja timu ya mpira ya zamani, wote kaptura fupi. Bibi Dulcie alijiona akiwa msichana akasema, "Huyo mwembamba ni nani? Mpeni chakula." Watu wakacheka.

Halafu akaja yeye. Jina lake silitaji mpaka msiba uishe, unajua ni nani. Mwanao. Kaka yangu. Yuko chini ya ile Toyota nyeupe, miguu nje, kisha anajitoa na kuangalia kamera, anasema, "Delvene, weka hiyo simu chini, nimejaa mafuta kama mkia wa kangaruu." Na anacheka. Sauti yake ilijaa ukumbi mzima.

Bibi alianguka. Akina mama wakaanza kile kilio cha Februari, tulipomzika. Mwalimu Fiona hakukiona kitufe cha kuzima, akaishia kuchomoa waya ukutani. Zilipita sekunde arobaini na moja.

Kwa kuwa jina langu ndilo lililoitwa, watu wote waligeuka kunitazama. Walinionea huruma, Mama. Bibi alipoinuka alivua blanketi lake mwenyewe akanifunika mimi. Niliongezewa sukari kwenye chai. Nilikaa ndani ya lile blanketi nikashindwa kuinua uso.

Jioni walikaa wakasema sura na sauti ya marehemu zilikuwa zimefungwa, lazima kuna mtu aliyefungua. Wakasema ni Shemeji Lazarus, kwa sababu wiki ile alikuwa mle ndani akiweka diski mpya, na yeye ndiye mshika ufunguo wa upande wa wanaume. Wajomba wakaenda wakamnyang'anya ufunguo wa mlango. Lazarus hakusema neno. Angesema na nani? Mwenye neno ni wewe, mama wa marehemu, na wewe ni mkwe wake, hamruhusiwi kusemezana. Miaka minne mmefanya kazi chumba kimoja mkipeana migongo, mimi nabeba maneno katikati. "Mwambie mkwe wangu printa imekwama." "Mwambie mkwe wangu akiacha kuipiga ngumi itakwamuka." Na wote mnasikiana.

Sasa watu wanangoja neno lako. Ukisema ni yeye, itabidi yeye na mkewe, dada Rhonda, na watoto wahame kijiji. Ukisema si yeye, yataisha.

Ugua pole.

Mwanao,
Delvene


Mjini Alice
Jumanne, 20 Agosti 2019

Mwanangu Delvene,

Barua yako imenifikia, ina alama ya kikombe cha chai cha dereva ukurasa wa pili. Mimi sijambo, kadiri anavyoweza kutojambo mtu anayefungwa kwenye kiti kwa saa tano, mara tatu kwa wiki. Muuguzi mpya ana mkono mwepesi. Nakuandikia kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye mashine. Nisalimie mama yako. Bibi mwambie nimelia naye kutoka huku. Tinka mtoe kwenye kiti changu.

Umeniandikia Kiingereza, kurasa tatu, hakuna kosa hata moja. Mimi ndiye niliyekufundisha kusoma, kwa lugha zote mbili, na nakujua. Ukiwa na la kuniambia huandika kwa lugha yetu, makosa tele, mistari inapanda mlima. Kiingereza huwa unakivaa kama koti.

Nimepanga mwenyewe nani aone nini katika ile kompyuta, kwa hiyo nieleze kwa upole. Lazarus yuko katika nafasi ya Wanaume. Kule anaweza kufungua na kufunga. Kwenye Shule anaweza kufunga tu, kufungua hawezi. Picha za mwanangu nilizifungia watu wote mwezi wa pili, nafasi zote, Wanawake, Wanaume, Ukoo, Shule, Wageni. Ili Shule iione, lazima mtu aweke tiki kwenye kisanduku cha Shule. Diski mpya haiweki tiki.

Na jambo moja dogo. Sekunde arobaini na moja umezijuaje? Mtu anayelia hahesabu.

Watu wawe na subira. Neno langu sijalitoa.

Mama yako Mkubwa,
Marjorie


Kisima Namba Tisa
Jumatano, 28 Agosti 2019

Kwako Mama Mkubwa,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Natumaini mashine haikuchoshi sana. Sisi wazima, ila mafua yanazunguka.

Zile sekunde alizitaja Mwalimu Fiona. Na tiki labda iliingia yenyewe umeme ulipokatika, kompyuta ile imezeeka. Sijui.

Watoto wa Rhonda hawaji shule siku hizi. Dukani Lazarus akisimama kwenye foleni, walio nyuma yake wanakumbuka kwamba wamesahau kitu nyumbani. Juzi nimewaona wakifunga magodoro.

Tinka hatoki.

Mwanao,
Delvene


Kisima Namba Tisa
Jumatano, 11 Septemba 2019

Mama,

Gari limerudi mara mbili bila barua yako. Nilimwuliza dereva, akasema amekuona umekaa nje ya hosteli ukiota jua, mzima. Kwa hiyo si ugonjwa. Nimejua maana yake.

Nakuandikia kwa lugha yetu. Utaona makosa.

Ni mimi.

Nitakueleza tangu mwanzo, usiponisamehe angalau uwe umejua. Ulipokwenda mjini mwezi wa tano ulinipa usimamizi msaidizi. Ulisema, naweza kuweka tiki na kuondoa tiki, lakini macho yangu yanaona kile tu kinachoonekana na Shule kwa sababu bado ni mwanafunzi. Nilifurahi kweli. Mimi ambaye darasani nikiitwa hutazama mezani, nilikuwa na neno la siri ambalo hata Mwalimu Fiona hana.

Mwezi wa saba nilianza kuisahau sauti yake. Uso ninao. Sauti ilikuwa inaondoka. Nilikuwa nikijaribu kuisema ile ya mkia wa kangaruu kichwani, inatoka kwa sauti yangu mwenyewe. Ile video niliichukua mimi, Mama. Ilikuwa kwenye simu yangu na niliifuta Februari kama tulivyoagizwa, mbele ya Bibi. Nilijua kwamba nakala ipo kwenye Nyumba ya Picha kwa sababu niliileta mwenyewe.

Nikaibonyeza. Skrini ikaonyesha yale maneno uliyoyaandika siku ya kufunga: *Imefungwa. Anayetaka amuulize mama yake.* Ningeweza kukuuliza. Simu ilikuwepo, kalamu ilikuwepo. Nilijua utasema bado.

Hakuna namna ya kumfungulia mtu mmoja, ulivyopanga ni nafasi tu. Ndiyo maana nikaweka tiki Shule, kwa sababu mimi niko Shule. Nilisema moyoni, nasikiliza mara moja, naiondoa. Nikasikiliza. Saa ya chakula cha mchana, mlango nimeuegemea kwa mgongo. Sekunde arobaini na moja. Halafu sikuiondoa. Watu wanaweza kudhani nilisahau, na ningependa iwe hivyo, lakini sikusahau. Niliiacha ili na kesho nisikilize. Wiki tatu, kila siku ya shule. Hata siku moja haikunijia kwamba Shule ni watu wote, ni Mwalimu Fiona na ile skrini yake. Nilikuwa nafikiri Shule ni mimi.

Kuna mabaya zaidi. Blanketi la Bibi bado ninalo, nalala nalo. Kila anayenipita ananishika kichwa.

Na Lazarus alinipa ujumbe. Ilikuwa wiki ya kwanza, nje ya duka. Akasema, "Shemeji, mbona wanikimbia, mimi siumi." Halafu akasema taratibu, "Mwambie mkwe wangu sikufanya. Hivyo tu. Mengine atayajua mwenyewe." Nimebeba maneno mangapi kati yenu, ya printa, ya chai, ya funguo. Hili moja nililiweka mfukoni, nikakuandikia barua mbili bila kulitia. Hana mdomo mwingine kwako isipokuwa mimi, na mimi nikaufunga.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Baada ya ile barua yako ya sekunde, niliingia kwenye daftari la kompyuta, lile linaloandika lenyewe nani kafungua nini na saa ngapi. Nilikwenda kulifuta jina langu. Halifutiki. Lakini nililiona lako. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, tangu mwezi wa tano. Faili ile ile.

Na unajua nilifikiri nini? Sikufikiri maskini Mama. Nilifikiri, wakinishika nitasema na yeye alifanya. Nililifikiri hilo mchana kutwa kabla ya kuona aibu. Sijamwambia mtu na sitamwambia. Nakuambia wewe kwa sababu nimechoka kuwa na vitu mfukoni.

Sistahili kuandika mwanao.

Delvene


Mjini Alice
Jumanne, 24 Septemba 2019

Mwanangu Delvene,

Utaandika mwanao mpaka nife, hilo si la kuamua wewe.

Habari za huko? Mimi naendelea. Wiki iliyopita nilianza barua mbili nikazichana zote. Muuguzi aliniuliza kama namwandikia mpenzi. Nikamwambia mpenzi hasumbui hivi.

Nilijua tangu tarehe kumi Agosti, kesho yake. Nilikaa kwenye kiti hiki, nikafungua daftari kwenye kompyuta ndogo niliyopewa, nikaona jina lako. Kila siku ya shule, saa sita na dakika fulani. Na langu katikati ya yako. Kuna Alhamisi moja tulipishana dakika sita. Mimi nimemaliza, wewe unaanza. Tungekuwa chumba kimoja tungegongana mlangoni.

Kwa hiyo usidhani nilikuwa nakufundisha kusema ukweli kwa kunyamaza. Nilinyamaza kwa ajili yangu. Ningekuita mwizi kwa mdomo gani? Nikakutupia ile ya sekunde, nikatumaini utaanza wewe, ili mimi niwe mtu anayesamehe. Ulipokwepa nilipumua. Naandika hili na uso unaniwaka, na kwenye kiti hiki mtu hawezi hata kugeuka ukutani.

Mimi ndiye niliyesimama mbele ya wazee nikasema, aliyekufa afungwe, apumzike, mpaka ukoo useme. Picha yake ya ukutani kwa Bibi niliigeuza mwenyewe, Bibi akiniomba niache. Halafu nikabaki na ufunguo. Msimamizi haoni kufuli, mwanangu, kwake milango yote ni wazi. Mama wa marehemu hakutakiwa kubaki hata siku moja kwenye nafasi ile. Kila mtu nilimkumbuka nikamfungia, hadi wageni wa makumbusho ya Adelaide. Ningeweza kusema nilijisahau mwenyewe, lakini mimi pia sikusahau.

Mara ya kwanza ilikuwa siku waliyonichoma mishipa mara nne. Nilitaka mtu wangu awe karibu. Baada ya hapo haikuhitaji sababu.

Sasa fanya hivi. Uanze kwa Lazarus, kupitia kwa Rhonda, kwa sababu wao ndio waliobeba. Kisha Bibi, na wale akina mama wote waliokufunika. Msomee Bibi barua hii, yote, na hapa nilipojitaja. Usijifiche nyuma ya jina langu, wala usilifiche. Wajomba waambie neno langu ndilo hili: Lazarus hakufanya. Ujumbe wake nimeupata, mwambie, ingawa umekuja kwa miguu.

Halafu kaeni wote mbele ya kompyuta. Leo asubuhi nimekupandisha uwe msimamizi kamili, kwa muda tu, ili uweze kunishusha. Niondoe kwenye usimamizi. Niache kwenye Wanawake kama wanawake wengine. Na Shule uondoe ile tiki kama Lazarus hajaiondoa. Nifungie na mimi, Delvene. Usinionee huruma mkono ukasita.

Mama yako Mkubwa,
Marjorie


Kisima Namba Tisa
Jumatano, 9 Oktoba 2019

Mama Mkubwa mpendwa,

Salamu zako tumezipata, na zetu ndizo hizi. Tuko salama. Joto limefika, nzi pia. Natumaini mishipa yako imekuwa na adabu.

Nimechukua siku tisa kabla ya kuanza. Niliificha barua yako chini ya godoro, nikawa naumwa tumbo kila asubuhi, mara mbili kwa kusingizia na baadaye kweli. Siku ya kumi Rhonda alipita na toroli la godoro la mwisho nikamfuata hadi kwenye gari lao.

Nilisema kwa sauti ndogo sana akaniambia rudia. Nikarudia. Hakunipiga. Aliweka godoro chini akasema, "Watoto wangu wamekula chakula cha mchana peke yao wiki nane." Ningefurahi angenipiga.

Lazarus alikuwa kwenye injini, kichwa ndani. Nilidhani hakusikia. Akasema bila kutoka, "Shemeji, ujumbe wangu umekwenda polepole kuliko gari la zahanati, na lile lina magurudumu matatu mazuri." Nikaanza kulia. Akatoka akafuta mikono. "Usinililie mimi, nina mke. Amejibu nini mkwe?" Nikamwambia umesema umeupata. Akakaa kwenye ngazi ya gari, akamalizia kufuta vidole kimoja kimoja. Kisha akamwambia Rhonda, "Shusha magodoro."

Kwa Bibi tulikwenda wote. Alikuwa anakanda mkate wa kufukia kwenye majivu, akina mama wako pale, wengi wa wale wale. Nikasema, "Bibi, mimi ndiye niliyefungua."

"Umefungua nini?"

"Kaka."

Mikono yake ikasimama kwenye unga. Hakuna aliyesaidia. Nikawasomea barua yako. Nilipofika pale ulipogeuza picha ya ukutani, Bibi alisema, "Aliigeuza, kweli, kwa mikono yake mwenyewe." Nilipofika penye Jumanne na Alhamisi, dada yake akajifunika uso kwa gauni.

Nilipomaliza Bibi akaniuliza, "Kwa hiyo siku ile blanketi langu nilimfunika nani?"

"Mimi, Bibi. Aliyefanya."

"Lilete."

Nikaenda nyumbani, nikarudi nalo nimelikunja. Watu wote walikuwa wanatazama ninavyotembea, kwenda na kurudi. Sijawahi kutembea njia ndefu vile, na ni nyumba tatu tu. Akalipokea, akaliweka mabegani mwake katika joto lote lile, akaendelea kukanda. Baadaye akasema, "Kaa hapo. Chota maji." Nikachota.

Wajomba walimrudishia Lazarus ufunguo siku ile ile. Hakuna aliyeomba radhi kwa maneno. Mjomba mkubwa alimletea tairi.

Juzi Jumatatu tulikaa mbele ya kompyuta, Bibi kwenye kiti chako, Rhonda karibu yangu, Lazarus amesimama dirishani nje kwa sababu Mama yangu alikuwepo ndani na yeye pia ni mkwe wake. Tiki ya Shule alishaiondoa yeye Ijumaa ile ile ya Agosti, kabla ya kunyang'anywa ufunguo. Aliiona, akajua ni nani, kwa sababu hapa kijijini wa kuiweka nilikuwa mimi tu. Alijua siku zote, Mama, na hakunitaja.

Nikalifungua jina lako. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Mkono ulisita. Ulisema usisite lakini ulisita. Bibi akasema nyuma yangu, "Amekuomba mwenyewe." Nikabonyeza.

Kisha nikampandisha Rhonda, naye akanishusha mimi. Hakuniuliza kama niko tayari. Sasa sina usimamizi wowote, niko Shule kama watoto wa darasa la kwanza, mpaka msiba umalizike na Bibi aseme. Nafagia tu mle ndani. Watu hawanishiki kichwa tena. Dukani wananipa nafasi kubwa kwenye foleni. Ndivyo inavyotakiwa, ila inauma.

Lazarus anasema: "Mwambie mkwe wangu nimesikia. Na printa imekwama." Nimelileta lote, na la printa.

Mwanao,
Delvene


Mjini Alice
Jumanne, 15 Oktoba 2019

Mwanangu,

Nimefurahi mko wazima. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma asubuhi hii kabla ya kuchomwa.

Mwambie Lazarus aizime printa, ahesabu hadi ishirini, asiipige. Bibi mwambie nitakuja kwenye kumaliza msiba, hata wanibebe na mashine. Tinka mwache kwenye kiti, ameshinda.

Sikupanga kukuambia hili lakini tumekubaliana kuacha vitu vya mfukoni. Walipomaliza kunifunga kwenye kiti, nilifungua kompyuta ndogo. Nilisema naangalia tu kama ulifanya. Haikuwa kuangalia tu. Nikaibonyeza ile faili.

Haikufunguka. Yakatokea maneno yangu mwenyewe: *Imefungwa. Anayetaka amuulize mama yake.*

Nikakaa nayo pale, mashine inazunguka. Nikamuuliza huyo mama yake.

Amesema bado.

Mama yako,
Marjorie